Nywele Zilizozikwa Butiama

Jua lilikuwa linazama upande wa ziwa Matrida alipotoka kwake Nyakato kwenda kufuata glavu. Glavu tu, zile nyembamba za mpira. Rangi yenyewe alikuwa nayo tayari, boksi amelizika ndani ya ndoo ya unga asije mgeni akaliona. Mafuta ya nazi alikuwa nayo. Bakuli la plastiki alikuwa nalo, maana aliambiwa bakuli la chuma linaharibu rangi. Ungemwona alivyojipanga ungesema anakwenda kupasua mtu.

Saluni ya Hana iko jirani na mashine ya kusaga. Hana alikuwa anamtoa mteja rola. Alipomwona Matrida mlangoni, akajifuta mikono akamfuata nje.

"Umejaribisha nyuma ya sikio?" alinong'ona.

"Tangu juzi. Sijawashwa, sijavimba."

"Na dawa ya kulainisha uliweka lini?"

"Zamani. Mvua zilikuwa hazijaanza."

"Afadhali. Maana ukiviweka vyote viwili pamoja, kesho unaamka nywele ziko kwenye mto na kichwa kiko peke yake. Paka mafuta pembeni mwa uso na masikioni. Usikwangue ngozi. Na usikae nayo mpaka ikauke kama uji kwenye sufuria, dada, inakata nywele. Ikishakolea, osha. Maji ya vuguvugu. Halafu stimingi, taulo la moto juu, utulie."

"Nimesikia."

"Ungekaa tu hapa nikupake mwenyewe."

Matrida akamchungulia yule mteja ndani, kisha akamtazama Hana.

"Unajua kwa nini siwezi."

Hana alijua. Yeye ndiye aliyemuuzia ule uongo.

Matrida alikuwa mjane, na mjane wa ukoo ule hakutakiwa kuwa na nywele za kufika mabegani.

Mumewe, Hezron, alikuwa mtu wa Butiama. Alipokufa walimrudisha kwao wakamzika kando ya zizi la baba yake. Na katika ukoo wa Hezron kuna jambo moja ambalo hata wale wanaoimba kwaya hawalichezei. Baada ya mazishi mjane ananyolewa. Nywele zinawekwa kwenye ungo, wazee wanazifukia kichwani mwa kaburi. Hiyo ndiyo ruhusa ya marehemu. Anachukua nywele za mkewe, anaenda zake, mwanamke anabaki huru na wanaoishi. Asipopewa, anarudi kuzitafuta. Ni hivyo tu. Hakuna ngoma, hakuna mganga. Wembe na ungo.

Matrida hakutaka. Ng'ombe hakuwa nao, chumba chenyewe cha kupanga, lakini nywele alikuwa nazo. Hezron alikuwaga anampaka mafuta jioni, anazigawa mistari kwa vidole vyake, taratibu, kuanzia kisogoni kuja mbele. Mwanaume mzima! Majirani wangejua wangemcheka mpaka ahame. Na pale mbele, juu ya paji la uso, Matrida alitokwa na mvi mapema, mstari mmoja mweupe unaoelekea utosini. Hezron aliuita barabara.

"Nikiifuata hii barabara nafika nyumbani," alikuwaga anasema.

Basi kwenye msiba wa mtu huyo, Matrida alikwenda na wigi ndani ya begi. Nywele za mtu, Hana alimhakikishia, siyo plastiki hizi, ukizichoma zinanuka nywele kabisa. Nywele za mtu. Mtu gani? Hilo halijawahi kuulizwa dukani. Zinatoka huko mbali zimefungwa kwenye nailoni, juu kuna picha ya mwanamke anacheka, wewe unalipa unaondoka.

Aliyepangwa kumnyoa ni wifi yake, Shida, kwa kuwa naye alishafiwa na mume. Shida alifunga mlango, akaliona lile wigi, akashika mdomo.

"Wifi, una wazimu."

"Nisaidie, wifi yangu. Nani atajua?"

Shida akafikiri. Halafu akacheka kimyakimya, mabega yanatikisika, na kaka yake yuko chini udongo haujakauka. Wakalikatakata lile wigi kwa mkasi wakalijaza kwenye ungo. Matrida akafunga kilemba mpaka kwenye nyusi akatoka analia. Wazee wakazipokea nywele, wakazifukia, wakanawa mikono. Kilemba cha mjane hakifunuliwi.

Tangu siku hiyo hakukivua mbele ya watu.

Binti yao, Flora, bado mdogo wa shule ya msingi, alibaki Butiama kwa shangazi yake, Shida. Wazee walisema mtoto hakai kwenye chumba cha kupanga. Mama yake akipata mji wa kueleweka, aje amchukue. Ndipo akatokea Enos, mgane wa Bunda, mnunuzi wa pamba, mtu wa maneno machache na nyumba kubwa. Matrida hakuwa na kiu ya mume, tusidanganyane. Alikuwa na kiu ya mtoto wake. Akiolewa Bunda, Flora anarudi kwake. Wazee walishatamka.

Kesho yake dada zake Enos walikuwa wanakuja kumtazama bila kilemba, na watu wa Bunda nao siyo wajinga. Swali lao la kwanza lingekuwa, je, ulinyolewa? Mwanamke asiyenyolewa haletwi nyumbani kwa mtu, marehemu anakuja nyuma yake. Matrida alishapanga jibu. Nilinyolewa, zangu ziko fupi, hizi mnazoziona ni wigi. Sikia hiyo! Msibani alitoa za dukani akasema ni zake, sasa zake anataka kuzisema za dukani.

Tatizo likabaki ile barabara. Hakuna duka linalouza wigi lenye mvi.

* * *

Alirudi nyumbani mwanga bado upo. Akafunga mlango kwa komeo. Akafunga na dirisha, harufu isije ikawafikia wapangaji wenzake. Akakaa kwenye kigoda, kioo mbele yake, mlango mgongoni.

Alifanya yote kama alivyoambiwa. Alipaka mafuta pembeni mwa uso. Alivaa glavu. Alichanganya rangi kwenye bakuli mpaka ikawa laini kama lami. Alizigawa nywele mafungu kwa kitana, akaanza nyuma, fungu kwa fungu, bila kusugua ngozi. Barabara aliiacha ya mwisho. Harufu ilikuwa kali, inakamata koo, machozi yanamtoka.

Akaipaka barabara.

Umeme ukakatika.

Siyo jambo geni, umeme kukatika jioni. Alinyoosha mkono akawasha mshumaa. Nje kuku walikuwa wanaingia bandani, mama mmoja anaita watoto wake wakaoge. Pazia bado lilikuwa na wekundu wa jua. Matrida akafumba macho asubiri rangi ikolee.

Akasikia harufu nyingine.

Maua. Maua mengi yaliyoanza kuoza... na moshi. Siyo moshi wa kuni. Moshi mtamu, mzito, kama wa ubani.

Halafu vidole.

Vilimgusa kisogoni. Vikaingia ndani ya nywele zilizolowa rangi, vikazigawa mstari, taratibu, vikija mbele.

"Hana?" alisema. Alijua si Hana.

Vidole vikasogea. Mstari mwingine. Taratibu. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anazigawa hivyo, naye amelala kando ya zizi la baba yake.

Matrida akafumbua macho, akatazama kwenye kioo.

Nyuma yake alisimama mwanamke.

Kijana, mwembamba, wa rangi ya watu wa mbali. Nguo yake ndefu ilikuwa na udongo mwekundu kwenye upindo, miguu mitupu. Na kichwa chake... kichwa kilikuwa kipara. Kimenyolewa mpaka kinang'aa kwa mwanga wa mshumaa.

"Usiogope, mama Flora," alisema. "Wewe usiogopage."

Matrida alishika ukingo wa kigoda. Sauti ilikuwa ya msichana. Maneno yalikuwa ya Hezron. Hata kuvuta kwake kwa maneno, hata lile "usiogopage", ni Hezron mtupu, Kiswahili cha mtu aliyekulia Butiama akichunga.

"Wewe ni nani?"

"Sijui nikwambieje. Yeye ananiitaga mama Flora."

"Yeye nani?"

Mwanamke alitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa rangi.

"Haya maneno amenifundisha yeye. Kwetu hawayajui. Kila jioni anakuja anakaa mlangoni, ananiongelesha mpaka nikayajua. Mama yangu hamwoni. Ndugu zangu hawamwoni. Wanasema nimerogwa."

"Mimi sikukuroga."

"Mama yangu aliugua," aliendelea, kama hakusikia. "Nikaenda hekaluni nikampa Mungu nywele zangu, apone. Wakaninyoa. Mama akapona. Sikujua zile nywele zinauzwa." Akajipapasa kipara. "Sikujua zinafika huku. Zimefukiwa na mtu ambaye simjui."

Mshumaa ukayumba, na dirisha limefungwa.

Ngozi ya kichwa cha Matrida ilikuwa inaanza kuchoma. Rangi inashika.

"Hanipigi," mwanamke alisema. "Hanidhuru. Anapitisha vidole hapa, kwenye hiki kipara, anatafuta barabara. Haioni. Halafu analia. Mimi siwezi tena kusikia mtu mzima analia."

"Unataka nini?"

"Zako. Za mbele pale, zile nyeupe. Kidogo tu. Nitampelekea. Atazijua. Ataondoka." Aliinama karibu na kioo, akaona ile lami iliyolala juu ya paji la uso, na sauti yake ikabadilika. "Umezipaka. Osha. Osha sasa hivi, bado hazijashika!"

Sasa nisikilizeni. Maji yalikuwepo, kwenye ndoo, pembeni ya mguu wake. Mkasi ulikuwa mezani. Angeinama tu. Angeosha, angekata, angempa yule binti wa watu kilicho cha marehemu, jambo lingeisha.

Lakini kesho dada zake Enos wangekuja wakaikuta barabara nyeupe, au wakalikuta paji la uso lina pengo kama lililoliwa na panya. Wangeondoka. Enos angeondoka. Flora angebaki Butiama anakua, anamwita shangazi yake mama. Hayo ndiyo yaliyopita kichwani mwa Matrida, na yalipita haraka.

"Subiri," alisema.

"Osha, mama Flora."

"Rangi hii ukiiosha mapema inakata nywele. Hakutakuwa na cha kukupa. Subiri kidogo, nitakuosha... nitaosha. Nitakupa."

Uongo. Hana alimwambia kinyume chake, na jioni ileile.

Mwanamke aliamini. Alikaa chini sakafuni, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa chai inakuja. Wakakaa hivyo. Nje yule mama alikuwa ameshamaliza kuita watoto. Wekundu wa pazia ukazimika. Kichwa cha Matrida kilikuwa kinawaka sasa, ameuma meno, lakini hakusogea.

"Flora ni nani?" mwanamke aliuliza.

Matrida akageuka.

"Anamtajaga kila siku," mwanamke akasema. "Eti Flora amekula? Flora amelala? Mimi sina cha kumjibu. Ni mtoto wako?"

Matrida alifikiria yule mtoto kule Butiama, amelala mita chache kutoka kwenye kaburi. Alifikiria hivi vidole vyeusi. Mtu akiogopa, anasema lile neno la kwanza linalofika mdomoni.

"Hapana," alisema. "Simjui."

"Siyo wako?"

"Simjui, nimekwambia. Mimi sina mtoto wa jina hilo."

Mwanamke aliinamisha kile kichwa chake kitupu, akalifikiria jibu.

"Basi atakuwa wangu," alisema polepole. "Kama mimi ndiye ananiitaga mama Flora."

Matrida alisimama. Alimimina maji kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, yakatiririka meusi mpaka yakaanza kutoka meupe. Alijifuta. Akakisogelea kioo na mshumaa.

Barabara haikuwepo. Kichwa kizima ni kaniki.

Akashika mkasi, akakata ncha kidogo pale mbele, akamnyooshea.

"Hizi hapa. Umeomba, nimekupa."

Mwanamke alizisogeza kwenye mwanga, akazigeuzageuza.

"Nyeusi," alisema. "Kama zangu."

"Ndizo zangu hizo."

"Hatazijua."

"Mimi nimekupa ulichoomba."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alitikisa kichwa tu, kama mwanamke aliyefika bombani na ndoo akaambiwa leo maji hayatoki.

Nje, karibu kabisa na mlango, mtu akakohoa.

Matrida alikijua kile kikohozi. Alilala nacho miaka mingi. Kikavu, kifupi, halafu pumzi.

"Mama Flora," sauti ikaita. Ya polepole, haina haraka. "Twende nyumbani. Giza linaingia."

Mdomo wa Matrida ukafunguka wenyewe. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akachukua taulo akaling'ata.

"Mama Flora..."

"Abee," mwanamke akajibu.

Haikuwa tena sauti ya msichana.

Ilikuwa sauti ya Matrida. Na ule mkwaruzo alioupata kwa kuimba kwaya, na kila kitu.

"Nakuja, baba Flora."

Mshumaa ukazimika. Umeme uliporudi, Matrida alikuwa amekaa sakafuni, taulo mdomoni, chumba kitupu. Komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Kwenye fremu kulikuwa na alama za vidole, nyeusi. Zake? Yeye alikuwa na glavu.

* * *

Dada zake Enos walikuja, wakala samaki, wakakaa kama mahakimu. Mkubwa wao alimtazama Matrida kichwani tangu alipoingia.

"Wigi zuri," alisema mwishowe. "Ulinyolewa lakini?"

"Nilinyolewa, dada. Butiama, na wazee wakiwepo."

"Hebu nilione."

Akalishika akalivuta. Akalivuta hasa. Matrida alitabasamu, machozi yamemjaa.

"Limeshonewa likashika!" dada mtu akasema, na wote wakacheka. "Kaka amepata. Na linang'aa, utafikiri lake."

Likaisha hilo. Enos alipiga simu jioni. "Wamekupenda," alisema. Kwa Enos hiyo ni hotuba.

Matrida alimsimulia Hana peke yake. Hana alisikiliza, akamgeuza kichwa kwenye mwanga, akakagua ngozi, akavuta nywele moja moja.

"Ulifunga dirisha?"

"Nililifunga."

"Na ulikuwa hujala."

"Sikula."

"Basi ni hiyo. Rangi ile ukiipaka chumbani hewa haipiti, inapanda kichwani, unaona mpaka babu zako. Nimesahau kukwambia hilo." Akaendelea kukagua. "Lakini dada, nywele hazikukatika hata moja. Ngozi safi. Sijawahi kuona rangi ya nyumbani imekubali hivi. Ulikaa nayo kwa muda gani?"

Matrida akafunga kilemba chake. Aliendelea kuweka mafuta, aliendelea na stimingi, alilala na kitambaa laini kichwani. Zikawa nywele za kutazamwa. Na zilipoendelea kuota, mvi haikurudi. Pale mbele zilitoka nyeusi tangu kwenye shina, nyeusi na nyororo, zimelala zenyewe bila dawa. Alipoliona hilo hakumwambia Hana.

Akaolewa Bunda.

Akaandaa chumba. Kitanda kidogo, neti, sare mpya ya shule ameitundika mlangoni. Halafu akapanda gari mpaka Makutano, na pale akachukua pikipiki hadi Butiama, kwenda kumchukua mtoto wake. Ilikuwa mchana kweupe, jua linachoma. Ukitafuta mahali pa kuogopea usingepachagua pale.

Shida alikuwa uani anaanika udaga wa muhogo. Alimwona anashuka kwenye pikipiki, akaendelea kuanika.

"Hodi hapa, wifi."

"Karibu."

Karibu tu. Neno wifi hakulirudisha.

"Nimemfuata Flora. Na wazee si tulishaongea? Mji nimepata."

"Flora yupo na mama yake."

Matrida akacheka. "Wifi na utani wako."

"Utani gani?"

"Au umekasirika nimeolewa? Niambie, unitukane yaishe."

Shida alijifuta unga mikononi. Alikuwa amekonda kidogo, lakini uso ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayelala vizuri.

"Mke wa kaka hajaolewa kokote," alisema. "Alikuja mwenyewe, jioni moja, kwa miguu, uso uleule, amenyolewa vizuri. Wazee wakafurahi. Msiba tumeumaliza. Sasa hivi anapika."

Kutoka jiko la nje moshi ulikuwa unatoka. Ndani mtu alikuwa anasonga ugali, mwiko unagonga sufuria. Kwa nyuma ya moshi wa kuni kulikuwa na harufu nyingine... tamu... Matrida alikataa kuivuta.

Alimsogelea Shida mpaka pua zikakaribiana.

"Shida," alinong'ona. "Ni mimi na wewe tuliolikata lile wigi. Chumba kile pale. Ulicheka. Wewe unajua mimi ni nani."

Shida alimtazama muda. Alijua. Matrida aliona kwenye macho yake kwamba anajua.

"Punguza sauti," Shida akanong'ona naye. "Kaka amelala sasa. Alikuwa anatuzunguka hapa kila jioni, mbwa wanalia, ng'ombe wanatupa mimba. Sasa amelala. Usimwamshe."

"Nipe mtoto wangu."

"Muulize mwenyewe."

Flora alikuwa ametokea jikoni. Amerefuka. Amesukwa vizuri, mistari myembamba iliyonyooka kuanzia kisogoni kuja mbele, inang'aa mafuta. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo," alisema.

Hakusema shikamoo mama. Shikamoo, kama anavyoamkiwa mtu yeyote.

"Flora! Ni mimi. Njoo, mwanangu."

Mtoto alimtazama Shida, kisha akamtazama Matrida. Hakusogea.

Matrida alivua kilemba ili amwone vizuri. Nywele zikaanguka mabegani, nyeusi, nzito, hazina hata uzi mmoja mweupe. Flora alizitazama kwa muda mrefu. Alitazama pale mbele, juu ya paji la uso, mahali alipokuwaga anachezea kwa kidole akiwa mdogo.

Halafu akatikisa kichwa.

"Mama yangu amenyolewa," alisema.

"Flora..."

"Flora!" sauti ikaita kutoka jikoni. Ilikuwa na mkwaruzo wa kwaya. "Njoo ule, kinapoa."

"Abee, mama!"

Akakimbia, mlango ukafungwa nyuma yake.

Matrida alisimama katikati ya ua, kilemba mkononi, jua linampiga utosini. Hatua zile chache hadi jikoni angeweza kuzimaliza. Angesukuma mlango, angeona. Miguu haikutaka.

Shida aliingia ndani akarudi na kikombe cha maji. Akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mgeni," alisema. "Bunda ni mbali."

Matrida akapokea, akanywa. Jikoni mtoto alikuwa anacheka.